Kutoka Nyumba hadi Nyumbani: Ngeli za Kiswahili na Ubadilishaji wa Aina katika Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Misima, katika Wilaya ya Handeni, akiulizwa aendako hujibu kwa neno moja: "Misima." Hasemi "Misimani". Msafiri huyohuyo jioni ikiingia hasemi kwamba anarudi "nyumba". Husema anarudi "nyumbani". Na akiwa na jambo la kuzungumza na mwalimu wa mwanawe, haendi "mwalimuni". Huenda "kwa mwalimu". Kanuni hizi tatu hakufundishwa na mtu. Alizipata pamoja na lugha yenyewe, na hazikosei hata akiwa na haraka ya kuwahi basi.

Hata hivyo, ndani ya majibu hayo matatu mna somo ambalo wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vikuu hulihangaikia kwa majuma kadhaa. Somo hilo ni la aina: kila kitu katika programu kina aina yake, aina moja inaweza kurefushwa ikazaa nyingine, na kitu cha aina moja kinaweza, kwa masharti maalumu, kuchukuliwa kama cha aina nyingine. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba mzungumzaji wa Kiswahili tayari anayo mizizi ya somo hilo katika sarufi ya ngeli. Aidha, unakusudia kuonyesha ni wapi mlinganisho huo unasaidia, ni wapi unapotosha, na kwa nini uteuzi wa istilahi moja tu unaweza kumfungulia mwanafunzi mlango au kumfungia.

2.0 Ngeli na ushahidi wa upatanisho

Wataalamu wa karne ya 19 walioanza kulinganisha lugha za Kibantu walivutiwa kwanza na viambishi awali vya nomino. Wilhelm Bleek, ambaye sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi ilitoka mwaka 1862, na baadaye Carl Meinhof mwaka 1899, waliziorodhesha ngeli kwa tarakimu kufuatana na viambishi hivyo. Kwa mkabala huo, jina la watu wenyeji wa Handeni ni mfano ulio wazi. Mzizi ni mmoja, -zigua, lakini viambishi huupa kazi tofauti: Mzigua ni mtu, Wazigua ni watu, Kizigua ni lugha na desturi, Uzigua ni nchi. Mzizi haukubadilika, kilichobadilika ni ngeli, na pamoja na ngeli yamebadilika mambo yanayoweza kusemwa. Mzigua analima, Kizigua kinazungumzwa, Uzigua unapata mvua.

Sarufi ya shuleni siku hizi huegemea zaidi upatanisho kuliko umbo. Ngeli huitwa A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kadhalika, kwa kuzingatia kiambishi kinachojitokeza kwenye kitenzi. Sababu ni kwamba umbo la nomino linaweza kudanganya. Neno "kiboko" lina kiambishi ki-, lakini mtu husema "kiboko yule amezama" akikusudia mnyama wa mtoni, na "kiboko kile kimekatika" akikusudia fimbo ya kuchapia. Umbo ni moja, aina ni mbili, na shahidi wa aina ni kitenzi.

Jina la Misima lenyewe linafaa kuchunguzwa kwa mkabala huu. Kwa umbo, neno hilo linafanana na wingi wa ngeli ya U-I, kama miti na mito. Upatanisho wa kitenzi nao unaficha tofauti, maana husemwa "miti imekua" na "Misima imekua", "miti ile" na "Misima ile". Asikilizaye sentensi hizo peke yake hawezi kujua kama Misima ni vitu vingi au mahali pamoja. Kivumishi ndicho kinachofichua. Miti iliyopandwa juzi ni miti "mipya", lakini kijiji kikijengwa upya kitaitwa "Misima mpya", wala si "Misima mipya". Mahali padogo pataitwa "Misima ndogo", si "midogo". Kumbe jina hilo, japo limevaa vazi la mi-, limo katika ngeli ya I-ZI pamoja na majina mengine ya mahali. Hali kadhalika Kwamsisi na Kwamatuku, kata za Handeni ambazo majina yake huanza kwa kwa-, na Handeni yenyewe inayoishia kwa -ni: zote husemwa "ina", "yote" na "mpya".

Funzo la sehemu hii ni moja: aina ya kitu haijulikani kwa sura yake, bali kwa mambo ambayo kitu hicho kinaruhusiwa kufanya na kufanyiwa. Fasili hiyo ndiyo hasa inayotumika katika uandishi wa programu.

3.0 Kiambishi awali cha Oslo

Mtindo wa kuandika programu kwa misingi ya vitu ulizaliwa mjini Oslo, Norwei, katika miaka ya 1960. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakitafuta lugha ya kuigiza ndani ya kompyuta shughuli za ulimwengu, kama foleni za watu au mwendo wa magari. Matokeo ya kazi yao ni lugha iliyoitwa Simula, ambayo toleo lake la mwaka 1967 ndilo chimbuko la lugha nyingi zilizofuata, zikiwamo Smalltalk, C++ na Java. Mwaka 2001 walitunukiwa Tuzo ya Turing kwa kazi hiyo. Wote wawili walifariki mwaka uliofuata.

Ili kuelewa walichobuni, ichukuliwe kwamba kijana wa Misima anaandika programu ya kutunza daftari la mifugo ya kijiji. Kila mfugo una mwenyewe, una uzito na una bei. Yapo pia matendo yanayohusu mifugo yote: kupimwa, kuuzwa, kuhamishwa kutoka jina la mtu mmoja kwenda la mwingine. Mwandishi hukusanya sifa hizo na matendo hayo mahali pamoja na kuyapa jina Mfugo. Mkusanyiko huo ndio ambao lugha hizi huuita kwa neno la Kiingereza "class", na ambao katika mhadhara huu utaitwa ngeli ya programu. Kutokana na ngeli hiyo moja, kompyuta huweza kuunda vitu vingi: mfugo wa mtu huyu, mfugo wa mtu yule, kila kimoja na uzito wake.

Baada ya hapo mwandishi hutambua kwamba ng'ombe ana mambo ambayo mfugo kwa jumla hauna. Ng'ombe jike hukamuliwa, na kiasi cha maziwa hutakiwa kuandikwa. Angeweza kuanza upya na kunakili yote yaliyokwisha kuandikwa, lakini kunakili ni kupanda mbegu ya makosa: siku kanuni ya mauzo ikibadilika, atairekebisha mahali pamoja na kuisahau pengine. Badala yake hutangaza kwamba ngeli ya Ng'ombe ni Mfugo uliorefushwa. Ng'ombe hurithi yote ya Mfugo, kisha huongeza yake. Katika Java, iliyotoka mwaka 1995, tangazo hilo hufanywa kwa neno "extends", yaani kurefusha.

Dahl na Nygaard hawakutumia neno hilo. Katika Simula, jina la ngeli mama huandikwa mbele ya tangazo la ngeli mpya, na wabunifu hao waliliita kiambishi awali. Kwao, kurithi kulikuwa ni kuambishwa: sehemu ya mama hutangulia, sehemu ya mwana hufuata, na viwili hivyo huunganishwa vikawa kitu kimoja. Watafiti hao hawakuwa wakifikiria lugha za Kibantu. Hata hivyo, istilahi waliyoichagua ni ileile ambayo Bleek alikuwa ameijengea sarufi yake miaka mia moja kabla yao.

Kurefusha ngeli kuna upande wa pili: mwana anaweza kufasili upya tendo alilorithi. Tendo la kupima, ambalo kwa mifugo mingine hufanywa kwa mizani, kwa ng'ombe linaweza kufasiliwa kwa njia ya kuzungusha utepe kifuani na kukadiria. Mambo mengine yote hubaki ya mama. Sarufi ya Kiswahili ina mfano unaokaribia sana hali hii. Nomino kama "baba" na "rafiki" hazina umbo la m- na wa-, na vimilikishi vyake hufuata I-ZI: baba yangu, rafiki zangu. Lakini kwa kuwa zinataja watu, kitenzi chake hufuata A-WA: "baba yangu amefika", "rafiki zangu wamefika". Sehemu moja ya tabia imerithiwa kutoka katika ngeli ya umbo, sehemu nyingine imefasiliwa upya kwa sababu ya uhai. Mtoto wa miaka minne husema hivyo bila kukosea.

Si kila urefushaji unafaa. Ikiwa ngeli ya Mfugo ina tendo la kupigwa chapa ya moto, kisha mwandishi akarefusha Mfugo ili kupata Kuku, amefanya kosa ambalo halionekani siku hiyo. Litaonekana siku programu itakapopita kwenye orodha na kuamuru kila mfugo upigwe chapa. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Barbara Liskov, alieleza kanuni ambayo sasa inabeba jina lake: panapotarajiwa kitu cha ngeli mama, kitu cha ngeli mwana kiweze kuwekwa bila kuharibu kazi. Kuku asiyeweza kupigwa chapa hawezi kusimama mahali pa mfugo unaopigwa chapa. Mwandishi aliyekosea hapo hakukosea katika kuandika. Alikosea katika kuutazama ulimwengu.

4.0 Kitu kilekile kwa jicho jingine

Kitu kikishapata ngeli, huja swali la kukichukulia kama cha ngeli nyingine. Kitendo hiki ndicho kinachoitwa ubadilishaji wa aina. Jina hilo linaweza kumpotosha anayeanza, kwa sababu katika sehemu kubwa ya matumizi yake hakuna kitu kinachobadilika. Kinachobadilika ni jicho linalotazama.

Ubadilishaji wa kupanda ni ule wa kutoka kwa mwana kwenda kwa mama. Ng'ombe huwekwa katika orodha ya mifugo, naye kuanzia hapo hutajwa kama mfugo. Hakuna hatari, kwa kuwa kila ng'ombe ni mfugo. Lakini kuna gharama: anayemtazama kupitia orodha hiyo hawezi kuamuru akamuliwe, maana mfugo kwa jumla haukamuliwi. Kiswahili hutoza gharama hiyohiyo. Mchungaji husema "ng'ombe wale wamekunywa maji", kwa upatanisho wa viumbe hai. Akipanda ngazi moja na kutumia jina la jumla, husema "mifugo ile imekunywa maji". Wanyama ni walewale, maji ni yaleyale. Lakini wa- imekuwa i-. Kwa kupanda kwenye jina la jumla, msemaji ameacha nyuma upatanisho ambao jina mahususi lilimpa haki ya kuutumia.

Ubadilishaji wa kushuka ni kinyume chake, na hapa ndipo penye hatari. Programu inachukua mfugo kutoka kwenye orodha na kutaka kumkamua. Mwandishi lazima atamke wazi: mfugo huu uchukuliwe kama ng'ombe. Katika Simula tamko hilo liliandikwa kwa neno la Kilatini "qua", ambalo maana yake ni "kwa nafasi ya". Neno hilo lilichaguliwa vyema. Mtu anapozungumza kwa nafasi yake ya uenyekiti wa kijiji hageuki kuwa mtu mwingine. Anatumia mamlaka ambayo tayari anayo. Kama hana mamlaka hayo, kutamka cheo hakumpi.

Kwa hiyo tamko la kushuka ni dai, na dai huhitaji kuthibitishwa. Kompaila, yaani programu inayokagua na kufasiri maandishi ya mwandishi, haiwezi kujua mapema ni mnyama gani atakayetoka kwenye orodha. Java hungoja hadi wakati wa kutekeleza, hutazama kitu chenyewe, na ikikuta ni mbuzi aliyedaiwa kuwa ng'ombe husimamisha kazi na kutoa taarifa ya kosa. Lugha ya C humwamini mwandishi: humwachia ayasome maneno ya kumbukumbu ya kompyuta kwa namna anayodai, hata kama matokeo hayana maana. Jambo la busara ni kuuliza kabla ya kudai. Ndiyo sababu Simula ilikuwa na maneno ya kuuliza kama kitu kimo katika ngeli fulani, na lugha zilizofuata zimekuwa nayo pia.

Hadi mwaka 2004 waandishi wa Java walilazimika kufanya madai haya mara nyingi mno, kwa sababu orodha ya kawaida ilipokea kitu chochote na kukirudisha bila kutaja aina yake. Toleo la tano la lugha hiyo, lililotoka mwaka huo, liliruhusu kutangaza tangu mwanzo kwamba orodha hii ni ya ng'ombe tu. Madai mengi yakawa hayahitajiki, na makosa mengi yakagunduliwa na kompaila kabla programu haijaanza kazi.

Sasa inawezekana kurejea kwa msafiri wa Korogwe. Kiambishi -ni anachokitumia ni chombo cha Kiswahili cha kubadili aina. Huchukua nomino ya ngeli yoyote inayokubali na kuifanya mahali: nyumba yetu huwa nyumbani kwetu, kitabu changu huwa kitabuni mwangu, soko hili huwa sokoni hapa. Matofali ya nyumba hayakusogea. Lakini "yetu" imelazimika kuwa "kwetu", kwa sababu nyumba sasa inatazamwa kwa nafasi ya mahali. Chombo hiki kina ukaguzi wake. Nomino zinazotaja watu hukataliwa: hakuna mwalimuni wala mtotoni. Anayetaka kumfikia mtu kama kikomo cha safari hutumia njia nyingine, "kwa". Na majina ya mahali hayakipokei kiambishi hicho kwa sababu tofauti kabisa: Misima tayari ni mahali, na kukigeuza kitu kuwa kile ambacho tayari kipo ni kazi bure. Katika neno moja lililopokewa, moja lililokataliwa na moja lisilohitaji, msafiri ametekeleza ukaguzi wote wa kompaila.

5.0 Ubadilishaji unaopoteza

Ipo namna ya pili ya kubadili aina, ambayo haihusu jicho bali thamani yenyewe. Namba yenye desimali ikigeuzwa kuwa namba nzima, 3.7 huwa 3, na zile sehemu saba za kumi hazirudi tena hata namba ikirudishwa kwenye aina yake ya awali. Namba kubwa ikilazimishwa kuingia katika nafasi ndogo, ama hukatwa ama hukataliwa.

Mfano uliogharimu zaidi ni wa tarehe 4 Juni 1996, kombora la Ariane 5 liliporushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sehemu ya programu ya kuongoza mwendo ilichukuliwa kutoka kombora la awali, Ariane 4. Ndani yake mlikuwa na tamko la kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 namba hiyo haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kuelekea upande, namba ikapita kiwango, na tamko hilo halikuwa na ulinzi. Chombo cha kuongoza kikazimika, kombora likapinda, na chini ya dakika moja baada ya kuruka likalipuka pamoja na setilaiti nne za kisayansi lilizobeba. Waliolichukua tamko hilo kutoka Ariane 4 walirithi dai bila kurithi hali iliyolifanya dai kuwa kweli.

Hasara za namna hii si za makombora tu. Namba ya simu ya Tanzania inayoanza kwa sifuri, ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, hupoteza sifuri hiyo, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani. Namba ya mtahiniwa iliyoandikwa 0007 huwa 7, na anayeitafuta kwa tarakimu nne haioni. Kosa hapa ni la aina. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na ilipaswa kutunzwa kama maandishi. Kama ilivyo kwa Misima na kiambishi chake cha mi-, sura imedanganya, na kilichopaswa kuulizwa ni kitu hicho kinafanyiwa nini.

Kiswahili nacho kinaujua ubadilishaji unaopoteza. Mtu akiitwa "kijitu", au mzee akiitwa "kizee", anaondolewa katika A-WA na kutiwa katika KI-VI: "kizee kile kimekuja". Kila msikilizaji anajua kilichopotea. Upatanisho wa viumbe hai ulikuwa umebeba heshima, na heshima hiyo hairudi kwa kusahihisha kiambishi. Kwa upande mwingine, lugha hutumia njia hiyohiyo kwa manufaa. Kifaa cha mkononi cha kuongozea kompyuta kiliitwa "kipanya": panya, ambaye husemwa "panya huyu amekimbia", amepunguzwa na kutolewa uhai, ikawezekana kusema "kipanya hiki kimeharibika" bila mtu yeyote kumfikiria mnyama. Waliolitumia neno hilo kwa mara ya kwanza walibadili aina kwa ufundi, wakijua ni nini kinapotea na kwamba hakihitajiki.

6.0 Mipaka ya ulinganisho

Ulinganisho huu una mipaka yake. Kwanza, ngeli za nomino hazikupangwa kwa ngazi. KI-VI haikuzaliwa na A-WA, wala LI-YA si mama wa U-I. Ziko bega kwa bega. Ngazi ya Mfugo na Ng'ombe imo katika maana za maneno, na sarufi huigusa mara chache. Pili, ngeli za nomino zimerithiwa kutoka enzi za kale, pamoja na mabaki yasiyo na sababu inayoonekana leo, ilhali ngeli za programu hutungwa na mtu mmoja mezani kwake na anawajibika kwa kila moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, upatanisho wa Kiswahili hufuata neno lililotumika, lakini programu hufuata kitu chenyewe. Ng'ombe akitajwa kama mfugo, kitenzi cha Kiswahili humsahau ng'ombe na kufuata mfugo. Katika programu, mfugo ukiamriwa kupimwa, na kumbe kitu kilichopo ni ng'ombe, tendo litakalofanyika ni lile lililofasiliwa upya kwa ng'ombe: utepe, si mizani. Jicho la jumla linaamua ni amri gani zinaruhusiwa. Kitu chenyewe kinaamua namna ya kuitii. Mwanafunzi anayeichukua ngeli ya nomino kama kielelezo kamili atakwama hapa, na mwalimu hana budi kumngojea mahali hapo.

7.0 Istilahi: darasa au ngeli?

Mtoto wa Misima anayesoma katika shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia sekondari hukutana na masomo mengi kwa Kiingereza. Somo la kompyuta humjia kwa lugha hiyo ya pili. Anapojaribu kujieleza mwenyewe neno "class", tafsiri iliyo karibu zaidi ni darasa, kwa kuwa ndilo neno aliloliona mlangoni. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Darasa ni chumba, na wanafunzi humo ni watu walioketi pamoja. Atafikiri kwamba ng'ombe wote wamekaa ndani ya ngeli ya Ng'ombe, na kwamba kurefusha ni kuongeza madawati. Hataona kwa nini kitu kimoja kiwe katika Ng'ombe na katika Mfugo kwa wakati mmoja, maana hakuna mwanafunzi anayeketi katika madarasa mawili.

Neno "ngeli" halina mzigo huo. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba lilichukuliwa kutoka Kihaya, likiwa na maana ya aina. Mwanafunzi huyo amelitumia tangu shule ya msingi. Anajua kwamba ngeli si chumba bali ni kanuni. Kwamba hujulikana kwa upatanisho. Kwamba neno linaweza kuhama na kuna maneno yasiyohama. Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba neno moja litakuwa na kazi mbili. Lakini "kiambishi awali" kilikuwa na kazi mbili mjini Oslo bila kumdhuru mtu, na tofauti hutosha kuelezwa kwa kusema ngeli ya nomino na ngeli ya programu.

Kazi ya kukiandaa Kiswahili kwa kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen aliunda mfumo wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili, ambao msingi wake ni kuipa kila nomino alama ya ngeli yake. Bila hiyo kompyuta haiwezi kujua kitenzi kipi ni cha nomino ipi. Mradi wa kwanza uliipa kompyuta maneno ya Kiswahili. Wa pili uliifundisha sarufi yake. Kazi iliyobaki ni ya mwelekeo wa kinyume: kuitumia sarufi hiyo kumfundishia kijana namna kompyuta inavyofikiri.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba aina ni jumla ya mambo ambayo kitu kinaruhusiwa kufanya na kufanyiwa. Kwamba kurefusha ngeli ni kurithi pamoja na wajibu wa kutomwangusha mama. Na kwamba kubadili aina ni dai, ambalo wakati mwingine ni salama, wakati mwingine huhitaji ushahidi, na wakati mwingine hupoteza kisichorudi. Mifano ya mambo hayo imepatikana katika usemi wa kila siku wa Handeni na Korogwe: katika ng'ombe na mifugo, katika baba yangu aliyefika, katika kizee kilichovunjiwa heshima, na katika jina la kijiji lisilohitaji -ni.

Mwalimu wa kompyuta atakayesimama mbele ya wanafunzi wa Misima anaweza kuanza na Oslo na kungoja wafike. Anaweza pia kuwauliza kwa nini wanasema "nyumbani" lakini hawasemi "Misimani", na kuwaacha walijibu swali hilo wenyewe. Watakapomaliza kulijibu, nusu ya somo itakuwa imekwisha kufundishwa.